Sikuwatafsiria Yote, Baba

Kwa Baba, uliyekuwa ukiniita Mama,

Kaka Suleiman, anayeendesha duka lako sasa, alikuja nyumbani Ijumaa ya wiki iliyopita baada ya sala, mkononi ana pakiti mbili tupu za pilipili manga, zile za karatasi ngumu zenye kidirisha cha nailoni. Aliziweka juu ya meza, akanionyesha mahali peupe mgongoni mwa pakiti. "Hapa patakaa hadithi ya Baba," akasema. "Ile ya kwa nini Wazungu walikuja huku kwa bahari. Mistari sita tu. Wewe ndo unaijua kwa Kiingereza." Akanywa chai, akala vitumbua vitatu, akaenda zake.

Ni miezi kumi na moja tangu utuache, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniomba niseme kitu kwa niaba yako. Kaka hakujua ananiomba nini. Au alijua, sina hakika. Nakuandikia wewe, na nawaachia na wengine wasome, kwa sababu kosa nililokukosea nililifanya mbele za watu.

Unakumbuka hadithi yenyewe ilivyoanza? Nilikuwa nasoma Kiingereza kwenye chuo kimoja kidogo, alasiri, siku tatu kwa wiki. Siku hiyo nilikuwa nimekaa ukumbini narudia somo kwa sauti, na wewe umekaa kwenye mkeka unakata kucha za miguu juu ya gazeti. Somo lilihusu mabaharia wa Ulaya. Chini yake kulikuwa na swali: kwa nini watu wa Ulaya walianza kuizunguka dunia kwa bahari? Na jibu lilikuwa mle mle: ushujaa, na hamu ya kujua.

"Hebu nitilie Kiswahili," ukasema.

"Walitaka kujua dunia ikoje, Baba."

"Na sie wakati huo tulikuwa tukiishi wapi? Mwezini?"

Mama akacheka jikoni. "Usimharibie mtoto mtihani wake, bwana."

"Simharibii. Hebu nipe kopo la pilipili manga."

Ulijaza kiganja. Ukatupanga ukumbini: wewe mkulima wa Malabar kule Hindi, Mama nahodha wa Kiarabu, Suleiman tajiri wa Misri, mimi Mzungu mwisho kabisa, karibu na friji. Kila mmoja apokee, achukue chake, apitishe. Suleiman alichukua nyingi kupita wote, na wewe ukasema huyo kweli ni tajiri wa Misri. Ziliponifikia zilikuwa punje tano.

"Haya, Mzungu. Una chakula hakina ladha na una punje tano. Kila ukiuliza zinatoka wapi, waliotangulia hawakwambii. Utafanyaje?"

"Nitamfuata mkulima mwenyewe."

"Khalas. Jibu ndo hilo."

Kisha ukaongeza mengine, polepole, kama mtu anayetoa vitu mfukoni kimoja kimoja. Kwamba habari za dhahabu ya Sofala zilikuwa zimewafikia. Kwamba walikuwa na vita na Waislamu kwao, wakataka kuwazunguka kwa nyuma. Kwamba walishindana wao kwa wao, huyu hataki jirani yake atangulie. Kwamba nchi kavu kila mji una lango na kila lango lina mtu anayetaka ushuru, na baharini hakuna mlango wa kubisha hodi. Na kwamba kutoka Malindi kwenda Hindi alikuwepo mtu wa bahari hii hii yetu aliyewaonyesha njia. Watu wanabishana mpaka leo alikuwa nani. "Mie simlaumu," ulisema. "Labda alidhani ni wageni tu."

Kwenye mtihani niliandika jibu la kitabu. Nilipata alama zote. Sikukwambia.

Ulipostaafu udereva wa serikali ukafungua duka Matrah, hapa Maskati, ndani sokoni, dogo kiasi kwamba wateja wanne wakiingia wa tano husubiri nje. Ubani, iliki, mdalasini, karafuu, bizari za kila namna. Kila msimu wa meli za watalii, wewe ulikuwa ukiniomba nije kukusaidia lugha. Ulikuwa unawakalisha kwenye yale mabenchi mawili ya mbao nje, unawamiminia kahawa kwenye vifinjani, unawapa halua, halafu unajaza kiganja pilipili. Mkulima, nahodha, tajiri wa Misri, tajiri wa Venisi. Punje zinapita mkono kwa mkono, wao wanacheka, wa mwisho anabaki na mbili au tatu. Ulisimulia kwa Kiswahili. Kiarabu chako ulikionea haya, maana jirani yako muuza vitambaa alikuwa akikuigiza matamshi ya Kizanzibari na kusema, "Karibu, Bwana Karafuu." Kwa hiyo uliniachia mimi kazi yote. Wewe unasema, mimi natafsiri.

Hadithi ilikuwa na nusu ya pili. Hapo sauti yako ilikuwa ikishuka. Ulisema Wareno walipofika hapa Maskati, watu wa mji walikuwa wameshazungumza nao na kukubali kuwapa chakula, na bado mji ukachomwa. Msikiti ukachomwa. Vyombo bandarini vikachomwa. Na mateka walioachiwa waliachiwa baada ya kukatwa masikio na pua. Ulipofika hapo ulikuwa unajishika sikio lako la kulia, unalibana kwa vidole viwili, unanyamaza kidogo. Kisha unamaliza: wakakaa karibu miaka mia na hamsini, wakajenga ngome hizi mnazozipiga picha, na babu zetu wakawatoa.

Siku ya kwanza kabisa, mbele yangu alikaa bibi mmoja mwenye kofia ya majani. Alikuwa amemaliza halua yake na analamba kidole, ananitazama kwa uso wa furaha kama mtoto wa sikukuu. Wewe umejishika sikio, umenyamaza, unanisubiri. Na mimi nikakumbuka uliyonifundisha mwenyewe tangu nina meno ya utoto: mgeni ukishampa kahawa na halua, humtajii baya la kwao mpaka ametoka mlangoni pako. Mkwe wa Ami, ndugu yako, alikuja kwetu baada ya yale yote aliyomfanyia mkewe, dada yetu, ukamkaribisha, ukamlisha, hukusema neno. Nikaona haya. Nikasema kwa Kiingereza: "Baba yangu anasema ngome zile juu ya majabali walijenga wao. Na anasema, mkitega sikio vizuri, mtasikia mizinga ya zamani."

Wakacheka. Bibi yule akajishika sikio lake. Na wengine wote wakajishika masikio, wakainamia upande wa bahari, wanacheka.

Nawe ulikuwa umesimama pale unawatazama.

Walipoondoka uliniuliza, "Mbona walikuwa wanacheka, Mama?"

"Ndo walivyo, Baba. Wakitahayari hucheka."

Ukatikisa kichwa. "Masikini. Kosa si lao hawa." Ukaanza kuokota vifinjani.

Suleiman alikuwepo, anapanga magunia. Alisikia vyote viwili, chako na changu. Ulipoingia ndani aliniambia kwa sauti ndogo, "Umefanya vizuri. Wamekuja kununua hawa, usiwaharibie siku." Nilitegemea maneno hayo kwa miaka. Sasa hayanifai kitu.

Niliendelea hivyo misimu sita. Ningetaka kukwambia kwamba kila mara moyo uliniuma, lakini si kweli. Baada ya mwezi wa kwanza ilikuwa kazi tu. Nilikuwa nikifikiria nyumbani nitapika nini huku nikiwaambia watege masikio.

Kisha akaja yule bibi mrefu, nywele nyeupe amezikata fupi kama mwanamume. Alikaa benchi la nyuma, hakucheka wenzake walipocheka. Wengine walipotawanyika yeye alibaki. Akakusogelea, akasema, "Shikamoo, mzee."

Sijapata kuona uso wako ukifunguka namna ile. "Marahaba, marahaba bibi. Kumbe wetu wewe?"

"Nilikuwa nesi Songea. Miaka kumi na nane."

"Basi kaa. Zuwena, mpe kahawa bibi, hiyo ya kwanza haihesabiwi."

Mkazungumza. Akakuuliza kijiji chako cha Zanzibar, ukamtajia, hakukijua, mkacheka. Mimi nilikuwa nafunga vijiti vya mdalasini kwa uzi na kuvifungua tena, kwa sababu nilishajua amesikia chako na changu. Akasema, "Mzee, naomba niseme jambo. Uliyoyasimulia ni kweli, hata kwetu yameandikwa. Lakini binti yako hakutuambia hayo."

"Hakuyasema?"

"Alisema tutege sikio, tutasikia mizinga."

Ulinitazama. Sikuinua kichwa, ila nilijua.

"Labda nimekosea kusema," akasema yule bibi, ameona hali yangu.

"La, hukukosea. Ahsante sana, bibi."

Ukampimia iliki aliyoitaka, ukamwongezea konzi moja juu, kama ulivyowafanyia watu uliowapenda. Akaaga kwa heshima akarudi melini. Nimemchukia yule mwanamke, Baba, nakwambia ukweli. Alisema kweli yake akapanda meli akaenda, mimi akaniachia nikae nayo. Najua hakunikosea. Nimemchukia hivyo hivyo.

Njiani kurudi nyumbani gari nilikuwa naendesha mimi. Ulikuwa na kawaida tukifika Wattaya kuyatazama magari mapya nyuma ya vioo vya maduka na kunichagulia mojawapo: "Hilo jekundu litakufaa." Siku hiyo ulitazama mbele. Tulikuwa tumeshapita maduka yote ndipo uliposema, "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Baba."

Lori moja likatupita.

"Na mie nikijishika sikio, wao wanajishika."

"Ndiyo."

"Basi miaka yote hiyo nimekuwa kichekesho chao. Nnawasimulia watu waliokatwa, wao wanacheza."

"Walikuwa wageni, Baba. Ulishawapa kahawa."

"Kahawa niliwapa mie. Na khabari niliwapa mie. Wewe ukachagua ipi iwafikie."

"Niliona haya kuwasuta."

"Nani alikwambia nlikuwa nawasuta? Nlikuwa nawaambia. Mtu ametoka kwao mbali hivyo, kaja kukaa mlangoni kwangu, kaniuliza. Nisimwambie?"

Tulipofika nyumbani Mabela ulishuka ukachukua mfuko wako mwenyewe. Siku zote nilikuwa nakushushia mimi.

Hukunigombeza tena, wala hukunisemea kwa Mama. Uliacha tu. Meli iliyofuata, kiongozi wa watalii alikuja na watu wake kumi na tano akakwambia, "Mzee, ile hadithi yako ya pilipili." Ukamjibu, "Nishazeeka, nimesahau." Akangoja kidogo, akadhani unatania. Ukamwambia, "Bei zimeandikwa kwenye makopo." Akawapeleka duka la mbele. Mabenchi uliyaingiza ndani. Ulimaliza msimu huo na uliofuata umekaa kwenye kiti chako unauza ubani kwa kupimia, bila neno, na mimi sikuwa na kazi tena. Nilikuwa nakuja hivyo hivyo. Nilikuwa nafagia.

Ukaanza kuumwa. Tulikuweka chumba cha mbele, chenye dirisha la uwani, kwa sababu ulipenda kusikia maji yakimwagiliwa mndimu. Siku moja kabla ya adhuhuri nilikuwa nakukanda miguu, ukasema, umefumba macho, "Isimulie kwa Kizungu. Yote."

Niliacha kukukanda. Nikaanza kwa mkulima wa Malabar. Nilisema kila kitu, Baba. Nilisema mji, na msikiti, na vyombo. Nilisema masikio na pua, neno kwa neno, na nikajishika sikio mahali unapojishika wewe, ingawa ulikuwa hunioni. Nilikuwa nalia lakini sauti nimeishika isikatike. Nilipomaliza nikadhani umelala.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Na masikio umeyataja?"

"Nimeyataja."

"Ntajuaje?"

Hukuwa na hasira. Uliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi. Ningeweza kuapa. Nilifungua mdomo niape, nikaona kwamba hata kiapo kingetoka kwenye kinywa kile kile. Ukaniomba nikugeuzie mto. Siku ya nne yake ukafariki.

Watu walikuja wengi. Walisema ulikuwa mkarimu, na ni kweli. Walisema ulikuwa mcheshi. Mwenye duka la vitambaa alinipa pole akasema wazungu walikupenda mno, ulikuwa ukiwachekesha. Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Tangu hapo nimekuwa nikizitafakari zile punje. Ulisema Wazungu walichoka na mikono ya katikati, kila mkono unachukua chake na aliye mwisho hajui kilichotoka mwanzo. Mimi nilikuwa nikiitafsiri sentensi hiyo kila wiki, sawasawa, bila kosa. Nilikuwa mkono wa katikati baina yako na wao na sikujiona. Wale walipanda meli wakawafuata wakulima wenyewe, na yaliyofuata unayajua. Wewe hukuwa na njia ya kuwafikia watu wako ila kwangu.

Na nina kinyongo nawe pia, nisamehe. Uliuliza swali lisilo na jibu ukaondoka nalo. Ungeweza kusema umenisamehe hata kama hukuamini. Baba za watu husema.

Jumapili nilimpelekea Suleiman mistari yake sita, dukani. Pilipili niliimaliza kwa miwili. Katika minne iliyobaki niliuchoma mji. Aliisoma amesimama, miwani kaipandisha juu ya kofia.

"Hii ntauza kwa nani?"

"Huuzi hii. Unauza pilipili."

"Zuwena, mtu anatia kwenye mchuzi hii. Unataka apike huku anasoma masikio ya watu?"

"Ndo hadithi ya Baba."

"Hadithi ya Baba ni ile uliyokuwa ukiisema wewe. Hiyo ndo watu waliipenda. Toa huku chini, tia ngome, tia mizinga."

Nilimtazama. Nilitaka kumkasirikia zaidi kuliko nilivyoweza. Alikuwa ananiomba kitu nilichokifanya bila kuombwa kwa misimu sita. Nikachukua kalamu ya kaunta, nikamwandikia hapo hapo ile ya ngome na mizinga na kutega masikio. Naijua kwa moyo. Chini yake alikuwa ametaka liandikwe jina lako. Nikaandika langu.

"Hili nini?"

"Aliyesema hayo ni mimi. Baba hakupata kuyasema. Ukitaka kuchapisha, chapisha na jina la mwenyewe."

"Nani anakujua wewe?"

"Hakuna. Lakini lake huliweki."

Aliguna, akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Sijui ataamua nini. Hajanipigia simu.

Jumanne ilitia nanga meli. Nilikwenda dukani asubuhi, Suleiman amekwenda bandari ya mizigo, yupo muuzaji wake tu, kijana wa Kibangali asiyejua lolote katika haya. Niliyatoa mabenchi mimi mwenyewe. Wakaja watu tisa. Niliwamiminia kahawa, nikawapa halua, nikajaza kiganja. Walicheka walipotakiwa kucheka. Kisha nikaingia nusu ya pili, na sauti ikashuka yenyewe, sikuishusha mimi. Nilisema yote. Nilipofika kwenye sikio niligeuka kulitazama lako, kama nilivyokuwa nikigeuka kila mara kujua umefika wapi. Kwenye kiti chako Suleiman ameweka katoni za ubani.

Hakucheka mtu. Mwanamume mmoja aliirudisha halua yake kwenye sahani, akafuta vidole. Wawili waliondoka bila kuaga. Msichana mmoja, hana hata miaka ishirini, alikaa na zile punje zake tatu mkononi, kisha akaniuliza nani amenieleza mambo haya.

Nikamwambia, "Ni ya baba yangu. Mimi natafsiri tu."

Mola akuandikie thawabu za maneno yako yote, Baba, hata yale niliyoyazuia njiani.

Mimi binti yako, uliyenipa jina la mamaako